Kutoka Winnipeg Mpaka Lodwar

Mama Hodan,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho pamoja. Kisomali chako sikukijua zaidi ya salamu na majina ya vyakula, na Kiturkana changu wewe uliishia kwenye "ejok", salamu yetu, ambayo mpaka mwisho ulikuwa unaitamka kama mtu anayemfukuza kuku. Miaka yote tuliyokaa jirani pale sokoni Kakuma, wewe na vitambaa vyako na mimi na makaa yangu, tulisemezana kwa Kiswahili hiki hiki cha kuokoteza, tukagombana kwacho na tukapatana kwacho. Kwa hiyo hata sasa sina kingine cha kukuandikia.

Hodan alirudi Kanada wiki iliyopita. Nilimsindikiza mpaka Lodwar, nikasimama nje ya uzio wa uwanja wa ndege mpaka ndege ikawa alama ndogo juu ya vilima. Tangu siku hiyo nikikaa peke yangu kibandani naanza kuongea na wewe bila kujua. Kuna mambo ya siku zile ambayo hukuyaona, na mimi niliyaona yote. Acha nikueleze yalivyokwenda. Nitaanza na yale unayoyajua, nisije nikapotea njiani.

Unakumbuka tulivyotoka Kakuma. Miguu yako ilikuwa imevimba mpaka viatu vikakataa, na ulikuwa huwezi kulala ila umekaa. Daktari wa hospitali ya kambini akasema moyo umechoka, lazima ukatibiwe Lodwar. Wewe ulipewa kibali cha kutoka kambini kwa sababu ya ugonjwa. Yusuf, shemeji yako, ndiye ndugu pekee uliyebaki naye, naye alihitaji kibali chake, na kilikuwa bado. Mimi hii ni nchi yangu, nilihitaji tu kufunga kibanda na kumwachia mwanangu Ekai mbuzi. Ulipolazwa ndani ya ambulensi ukaniambia, "Abaayo, twende wawili tu, kama tunaenda harusini." Abaayo, dada. Hukuwahi kuniita hivyo mbele ya watu.

Siku ya pili pale wodini daktari aliniita pembeni. Alikuwa kijana mpole, hakuzunguka sana. Aliniambia kama mgonjwa ana mtu wa mbali, aitwe.

Nikampigia Hodan. Kule Winnipeg alikuwa anajiandaa kwenda kazini, ile kazi yake ya kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu ambao watoto wao hawana nafasi. Nilimweleza kama nilivyoelezwa. Akasema, "Nakuja," akakata simu ili atafute tiketi. Hukuwa umemtia machoni tangu alipopata nafasi ya kusoma kule, akapandia ndege pale kiwanja chetu cha vumbi Kakuma, akiwa msichana mwembamba mwenye begi kubwa kuliko yeye. Kwanza alikuwa anasubiri makaratasi ya uraia, baadaye kazi, baadaye ikawa ni mwaka ujao, kila mwaka.

Nilipokwambia Hodan anakuja hukulia wala hukushukuru. Uliuliza, "Ni mbali kiasi gani?"

Mimi sikujua. Nilijua ni mbali kwa sababu wao wanalala tukiwa tunafanya kazi, basi. Yule muuguzi wa zamu ya asubuhi, yule mwenye mwanya, akachukua simu yangu akaandika Winnipeg, akaandika Lodwar. Simu ikajibu kwamba ni kilomita elfu kumi na mbili na mia sita hivi, na ndege ingekaa hewani saa kumi na sita.

Ulicheka, Mama Hodan. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ulisema wakati mnakimbia vita ulitembea kutoka kwenu hadi mpaka wa Kenya siku nyingi kuliko vidole vyako, na Hodan mgongoni, na huo ulikuwa umbali mdogo tu kwenye ramani. "Saa kumi na sita! Basi kesho yuko hapa."

Muuguzi akaniangalia, nami nikamwangalia. Ilibidi nikueleze. Nikakwambia hakuna ndege inayotoka Winnipeg ikaja Lodwar, simu imepima tu njia iliyonyooka angani, anayoweza kwenda ndege mwenye manyoya. Hodan ataenda kwanza Toronto, kisha Addis Ababa, kisha Nairobi, kisha apande ile ndege ndogo ya kuja huku, na kila mahali atakaa asubiri. Ulinisikiliza umefumba macho. Nilipomaliza ukasema, "Simu imesema saa kumi na sita." Maisha yako yote ulikuwa unapatana na wateja mpaka wanachoka wanalipa. Nikaona unapatana na dunia yenyewe ikupunguzie.

Halafu yakaja yale mambo ya theluji.

Hodan alinipigia akiwa amekaa ndani ya ndege kule kwao, mkanda umefungwa, na ndege haiondoki. Alisema nje hakuonekani kitu, na kuna watu juu ya mashine wanamwagia mabawa ya ndege dawa ili barafu itoke. Mimi nilikuwa pembeni ya kitanda chako nakupepea na kipande cha katoni, shati langu limelowa jasho, na kwenye paa la bati kunguru wanahema midomo wazi. Nilimwambia Hodan awe na subira. Ni neno gani hilo la kumwambia mtu? Lakini sikuwa na jingine. Walipofika Toronto ile ndege ya Addis ilikuwa imeshaondoka, na nyingine ni ya kesho yake.

Ukaniuliza, "Amefika wapi?"

"Toronto."

"Toronto ni karibu?"

Nikasema ni kule kule nchini kwao. Ukageuza uso ukaangalia ukuta. Baadaye kidogo ukasema, bila kunilaumu, kama mtu anayefikiri kwa sauti, "Siku nzima, na bado hajatoka nyumbani."

Siku iliyofuata ilikuwa ndefu kuliko zote. Kila mlango wa wodi ulipolia ulifungua macho. Hodan alipiga, nikaweka simu sikioni kwako, mkaongea Kisomali, na mimi nikatoka nje ili msinione ninavyowaangalia. Niliporudi ulikuwa umetulia. Ulinieleza kwamba unataka kuzikwa Kakuma, karibu na Baba Hodan, sio Lodwar ambako humjui mtu chini ya ardhi. Na ukasema, "Nataka mtoto aone uso wangu. Asije akakuta udongo."

Nikasema ataona. Nilikuwa naamini hivyo. Daktari alikuwa amepita akasema pumzi imekaa vizuri kidogo, na Toronto walikuwa na jua.

Alhamisi asubuhi Hodan alipaa. Alituma ujumbe mmoja kwamba anazima simu, tutaongea Addis jioni. Muuguzi akatuonyesha mahali kwenye simu ambapo mtu anaweza kuifuata ndege, kindege cha rangi ya manjano juu ya bahari ya bluu, kinasogea usipokiangalia na ukikiangalia kinasimama. Nikakuinua kichwa ukakiona. Ukataka kukigusa, ramani ikateleza kindege kikapotea, ukashtuka kana kwamba umekiangusha. Nikakirudisha. Ukasema, "Acha hapo, usiguse tena."

Ukanywa chai mafunda mawili. Ukaniambia nikuinue zaidi, nikapanda nikakaa nyuma yako kitandani, mgongo wako kifuani kwangu, kichwa begani. Nilihisi unavyovuta pumzi na unavyoitoa. Nilikuwa naangalia simu juu ya shuka, nikawa nasubiri pumzi nyingine, nikasubiri.

Muuguzi alipokuja nilikuwa bado nimekushika. Nilimwonyesha kile kindege nikamwambia, "Mtoto wake yuko hapa." Sijui nilitaka afanye nini. Akanitoa mikono pole pole, kidole kimoja kimoja.

Hicho ndicho nilichokuwa sikijui kabla, Mama Hodan. Nilidhani siku hizi hakuna mtu asiyepatikana. Lakini ilikuwa saa tatu asubuhi, mtoto wako amekaa juu ya maji na sahani ya chakula mapajani, pengine anaangalia dirishani, na hakuna mlango duniani wa kubisha ili aambiwe. Nilimwona alipo, ningeweza kuweka kidole juu yake. Alikuwa anakuja kwa mwendo wote ambao binadamu wanaweza kwenda, na alikuwa ameshachelewa na hajui.

Yusuf alikuwa ameshapata kibali asubuhi hiyo hiyo. Alifika na sheikh wa msikiti wenu na wazee wawili, kwa gari la kukodi. Alikuja kukuona mgonjwa, akapokewa na habari getini. Alikaa chini kwenye saruji akaficha uso kwa kofia yake. Alipoinuka alikuwa ni mtu mwenye kazi ya kufanya. Akasema utarudishwa Kakuma sasa hivi, uoshwe, uswaliwe baada ya alasiri, uzikwe leo.

Ndipo nikaongea. Mimi, muuza makaa, Mkristo, si ndugu, mbele ya wanaume wanne. Niliwaambia Hodan yuko njiani, kesho mchana atakuwa Lodwar. Kwetu siku hizi marehemu anawekwa chumba cha baridi mpaka watu wake wafike, na hapa hospitali chumba kipo. Niliwaomba usiku mmoja tu. Niliwaambia maneno yako kama ulivyoyasema, kwamba hukutaka akute udongo.

Hawakunidharau. Ninakwambia hili ili usiwakasirikie. Sheikh alinikaribisha nikae, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama nina hakika na kesho. Nikasema ndege imepaa. Akauliza, hiyo ya kwanza haikuwa imekatiwa tiketi pia? Ikasimamishwa na theluji. Kutoka Addis kuna Nairobi, kutoka Nairobi kuna Lodwar, na yeye mwenyewe amewahi kulala Nairobi kwa sababu ile ndege ndogo ilijaa. Akaeleza kwamba maiti ana haki juu ya walio hai, na haki hiyo ni kuharakishwa. Kungoja kidogo kunawezekana, lakini si kungoja kitu ambacho hakuna mtu anayekishika mkononi. Halafu Yusuf akasema, na sauti ilimkatika, "Mama Ekai, mimi pia nataka amwone. Lakini nikingoja na asifike, nitamwambia nini Sahra, mama yake, siku tutakapokutana?"

Nikaangalia simu yangu. Kindege kilikuwa hakijavuka hata nusu ya bahari. Ningewaambia nini? Sikuwa na ndege, sikuwa na dini yenu, sikuwa na damu yako.

Nilipanda nyuma ya gari pamoja na wewe mpaka Kakuma. Lami sasa ni nzuri, tulifika upesi, na kwa mara ya kwanza niliuchukia upesi huo. Wanawake wa kwenu walikupokea kukuosha. Mimi nilichota maji nikayafikisha mlangoni, mtungi baada ya mtungi, na waliyapokea mikononi mwangu. Nilipomwomba Yusuf aniruhusu nifike makaburini ili nijue mahali, nimwonyeshe mtoto, alikubali. Nilisimama nje ya uzio wa miiba. Upepo ulikuwa unapeleka vumbi upande wangu. Waliharakisha kweli. Ulipoingia chini nilijikuta naangalia juu, kama mjinga, na hakukuwa na kitu.

Jioni simu ikalia. Nambari ya ajabu, mtandao wa uwanja wa ndege. Yusuf alikuwa amesema yeye ndiye atakayemweleza Hodan, lakini Hodan alipiga kwangu kwa sababu alijua mimi ndiye niliye karibu na kitanda chako. Alikuwa na furaha. Alisema amefika Addis, Afrika, amesikia joto mlangoni mwa ndege akataka kulia. Akasema, "Mama Ekai, mpe simu Mama, mpe Hooyo wangu."

Nilifungua mdomo. Nakuapia nilitafuta neno, lolote, kwa Kiswahili, kwa Kiturkana. Nilisikia matangazo ya ndege nyuma yake, watu wanavuta masanduku. Nadhani nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu aliporudi kuongea haikuwa sauti ile.

"Saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Mmeshamzika?"

"Wamemzika alasiri."

Akasema, "Nilikuwa juu ya maji." Kisha akasema tena, kama anayejaribu kumweleza mtu aliyemshtaki, "Mama Ekai, nilikuwa nimelala. Walizima taa, nikalala."

Nilimwambia akae chini, atafute ukuta aegemee. Nilimwambia asikate simu. Tulikaa hivyo, yeye Addis, mimi mbele ya kibanda changu, hatusemi, mpaka Yusuf akaja akaichukua simu, akaanza kuongea naye Kisomali taratibu, nami nikaenda kufungia mbuzi.

Sasa nisikilize, hili ndilo linalonikosesha usingizi. Ndege ya Nairobi haikuchelewa. Ndege ya Lodwar haikujaa. Siku ya pili, Ijumaa, kabla ya mchana, nilikuwa nimesimama pale uwanjani Lodwar nikaiona inashuka, na Hodan akatoka wa tatu au wa nne, koti zito la baridi mkononi, uso umevimba. Kila kitu kilikwenda sawa. Hakuna kilichogoma. Kama tungengoja, angekuona.

Nilijua kwamba ataniuliza, na aliniuliza tukiwa bado hatujatoka mjini. "Wangengoja, ningewahi?" Nikasema ndiyo. Sikuweza kumdanganya mtoto wako, na saa alikuwa nayo mkononi. Aliangalia nje ya dirisha mpaka Kakuma, na sikujua kama ninapaswa kumshika au kumwacha, nikamwacha.

Nilimpeleka kaburini. Udongo ulikuwa bado na rangi tofauti na mwingine. Alipiga magoti akaweka mikono yote miwili juu yake, akaiacha hapo, kama anavyopima mtu homa. Alikuletea soksi za sufu, Mama Hodan, za kule kwao, kwa sababu ulimwambia kwenye simu kwamba miguu imekuwa baridi. Hakujua azipeleke wapi. Alizishika mpaka tulipotoka, halafu akanipa mimi.

Alimkasirikia Yusuf siku mbili, hakula mkononi mwake. Siku ya tatu nikawakuta wameketi mlangoni kwako, Yusuf anamsimulia ulivyokuwa ukiwafokea wateja, na Hodan anacheka na kulia kwa pamoja. Hakumsamehe kwa maneno. Alimmiminia chai tu. Mimi nilitaka kumkasirikia mtu pia, nimejaribu Yusuf, nimejaribu sheikh, nimejaribu theluji. Hakuna anayekaa. Kila nikimshika nakuta alifanya alichopaswa kufanya. Hata theluji, nasikia, ni msimu wake.

Sasa nikupe habari za huku. Kibanda chako amekichukua mama mmoja Mkongo, anauza vitenge na anaongea Kiswahili kinachoimba, nusu namwelewa. Ni mtu mzuri. Ananisalimia vizuri kila siku, na mimi bado simwangalii machoni, utanisamehe. Asubuhi bado nakata vijiti vya mswaki viwili, changu na chako, nafika njiani nakumbuka, natupa kimoja. Ekai ameuliza kama anaweza kwenda kusoma mbali kama Hodan. Walimu wanasema ana kichwa. Nimemwambia tutaona. Nimekaa na jibu hilo kama jiwe kiatuni, kwa sababu nikisema nenda najua sasa ni nini ninachokubali, na nikisema baki najua ni nini ninachomnyima. Wewe ulisema nenda. Uliwezaje? Hilo sikukuuliza ulipokuwa hai.

Hodan ananipigia akitoka kazini. Wakati mwingine hana la kusema, ananiuliza tu kama upepo umevuma leo, kama mbuzi wameingia makaburini. Jana aliniambia kuna mzee mmoja wa kike pale anapofanya kazi, amefariki, na mwanawe aliyekuwa anakaa mtaa wa pili hakufika. Aliniuliza kama najua kwa nini. Sikujua. Tukanyamaza tena, maana ndicho tunachoweza sasa, kunyamaza pamoja. Siwezi kumsogeza hata hatua moja. Siwezi kukuinua wewe hata kidogo.

Kwa hiyo sina kubwa la kukuahidi. Uzio wa miiba wa makaburini umelegea upande wa lagga, ule mto mkavu, nitakata mingine mipya kabla mvua haijaleta mbuzi wa watu wote. Hodan akipiga nitapokea, hata nikiwa na mteja, hata nikiwa sina neno. Na akija tena, haijalishi ni lini wala kwa ndege ngapi, nitakuwa nimesimama pale Lodwar mapema, ili wa kwanza atakayemwona nje ya uzio awe mtu anayemjua mama yake.

Kaa vizuri na Baba Hodan. Mimi naenda kufungua kibanda.

Abaayo wako,
Akiru, Mama Ekai